Majani ya Pembe Tatu Kwenye Viwanja vya Utange

Masika yakichachamaa Utange, Mombasa, mchanga wa viwanjani huhama. Hutoka chini ya michirizi ya mapaa, hupenya chini ya mageti, hujaza mitaro na kumwagika njiani, ambako bodaboda huteleza juu yake. Mvua zikikatika, mizizi ya mwarobaini iliyokuwa imefunikwa mwaka uliopita iko nje, na ukuta wa nyumba umebaki na alama ya mahali ardhi ilipokuwa imefika. Mwenye nyumba huagiza kifusi, hukisambaza, na masika yanayofuata hukichukua nacho.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba yenye paa la mabati la mita 10 kwa 8 ikinyeshewa milimita 50 kwa siku moja, jambo lisilo la ajabu mwezi wa Mei, hupokea lita 4,000 za maji. Hiyo ni mitungi 200 ya lita 20. Kama paa halina gata, maji yote hayo huanguka kwenye mistari miwili myembamba, mmoja kila upande wa nyumba. Mchanga mtupu hauwezi kukaa chini ya pigo kama hilo. Unahitaji majani ya kulivunja tone nguvu kabla halijagusa ardhi, na mizizi ya kuishika ardhi yenyewe.

Swali ni majani gani. Mombasa hupata mvua ya zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kiasi hicho si haba. Tatizo liko kwenye mgawanyo. Kwa wastani wa miaka mingi, Mei peke yake hupata zaidi ya milimita 200, ilhali Februari hupata kama 15 tu. Mmea wa kufunika uwanja wa Utange kwa hiyo hupewa mitihani miwili inayopingana: majuma kadhaa ya kulowa hadi shingoni, kisha miezi ya kaskazi ambapo mchanga unaunguza nyayo. Na usitarajie kumwagiliwa. Maji ya bomba ya upande huu yanatoka mbali, kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yakifika huwa ya kunywa na kupikia. Visima vya hapa hapa vingi vina chumvi. Anayenunua maji kwa mkokoteni hawezi kuyamwaga kwenye nyasi, na si haki kumwomba afanye hivyo.

Wengi wamejibu swali hili kwa kabro. Kabro ni safi na gari halizami, lakini hazinywi maji mengi. Huyasukuma kwa jirani aliye chini yako, na mchana huufanya uwanja kuwa kikaango. Wengine hupanda nyasi. Nyasi za Pemba, ambazo wataalamu huziita Stenotaphrum dimidiatum, ni mwenyeji halali wa pwani hizi za Bahari ya Hindi, na sina neno baya juu yake: hustahimili kivuli kuliko nyasi nyingi za bustani na hurudi zikikanyagwa. Ila zinataka udongo wenye rutuba kidogo na maji ya kutosha, na kwenye mchanga mkavu wa ukingo wa ploti hubaki vipande vipande. Wengi zaidi hawapandi chochote, hufagia tu.

Uwanja uliofagiliwa kwa ufagio wa chelewa una akili yake, na mtaalamu wa bustani anayeudharau hajaishi pwani. Nyoka huonekana kabla hujamkanyaga, nge vilevile. Watoto huchezea mahali safi, nafaka huanikwa, wageni huwekewa mkeka chini ya mwembe. Sitetei hata kidogo kuufunika uwanja wote. Ninachosema ni kwamba kila uwanja una kingo ambazo hazikaliwi wala hazianikwi kitu: mstari wa mchirizi wa paa, mteremko wa kuelekea getini, duara la chini ya mti, kona ya nyuma panapotoka maji ya bafuni. Hapo ndipo mchanga unapoanzia safari yake, na hapo ndipo jamii moja ya mimea ya kwetu inaweza kufanya kazi ambayo hatujawahi kuipa. Ni jamii ya ndago.

Najua jina hilo linavyopokewa. Mtu yeyote aliyewahi kulima mchicha au mahindi Kisauni anaijua ndago, na hakuna atakayekubali kuipanda kwa mkono wake. Ana haki. Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, iliwekwa nambari moja kati ya magugu mabaya kuliko yote duniani katika orodha ya LeRoy Holm na wenzake ya mwaka 1977. Lakini ili kuelewa kwa nini jamaa zake wanaweza kuwa marafiki wa uwanja, lazima kwanza tuone hasa inachofanya hiyo moja, maana ubaya wake hauko kwenye majani.

Ing'oe taratibu kwenye mchanga uliolowa. Jani litakuja, na chini yake utaona kijibonge, na kutoka kwenye kijibonge hicho uzi mgumu mweusi unaoingia ardhini kwa mlalo. Ufuate uzi kwa kidole. Baada ya urefu wa kidole au viwili utakuta kiazi kidogo cheusi, kigumu kama kokwa, chenye harufu ya manukato ukikikwaruza. Uzi unaendelea hadi kiazi kingine, na kingine, vikiwa vimefungwa kama shanga. Kila kimoja kina macho yake ya kuchipua. Maadamu uzi ni mzima, kiazi cha mbele huvizuia vya nyuma visichipue. Jembe linapopita na kuukata mnyororo, kila kiazi hujikuta peke yake na huamka. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa haraka haraka hujaa ndago zaidi baada ya majuma mawili kuliko kabla ya kupaliliwa. Kufunika kwa nailoni hakusaidii sana, kwa kuwa ncha ya chipukizi ni kali na huitoboa.

Ina udhaifu mkubwa wa aina mbili. Haipendi kivuli hata kidogo; ni mmea wa jua kali, na chini ya majani mazito hudhoofika. Na viazi vyake, vikifukuliwa na kuanikwa juani wakati wa kaskazi, hukauka na kufa katika wiki moja au mbili. Kumbuka mambo haya mawili, tutayahitaji.

Sasa, jamii nzima ina spishi kama 5,500 duniani, na Cyperus peke yake ina zaidi ya 900. Mafunjo ya Ziwa Viktoria ni Cyperus. Hatuwezi kusema hazijulikani: mwaka 1983 R. W. Haines na Kåre Lye walichapisha kitabu kizima juu ya jamii hii kwa Afrika Mashariki. Pamoja na hayo, kwa wauza miche kando ya barabara ya Mombasa–Malindi utapata mimea ya Brazili, ya Meksiko na ya Asia, na ya jamii hii utabahatisha moja tu, ile ndefu yenye mwavuli. Nyingine zote za jamii hii zimetiwa kapu moja na ndago.

Kuzitambua ni rahisi. Chukua bua la ua na ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Bua la nyasi ni la duara, lina vifundo, na aghalabu ndani ni tupu. Bua la jamii ya ndago mara nyingi lina pembe tatu, unazihisi zikigonga kidole moja baada ya nyingine. Halina vifundo, na ndani limejaa. Majani nayo hutoka kwa safu tatu badala ya mbili. Zipo spishi chache zenye bua la duara, lakini kwa uwanja wa nyumbani kipimo hiki kinatosha.

Kipimo cha pili ndicho cha maana zaidi, na nacho ni cha chini ya ardhi. Fukua shina moja lote. Ikiwa kuna uzi unaokimbia, rudisha udongo na uende zako. Ikiwa shina limejikusanya mahali pamoja, likiongezeka kwa kuzaa machipukizi ubavuni mwake, umepata mmea wa kupanda. Tofauti hii, kati ya kinachokimbia na kinachojikusanya, ndiyo inayoamua kila kitu. Uenyeji peke yake si dhamana. Kyllinga polyphylla ni mwenyeji wa Afrika yetu hii, na leo inawatesa wafugaji wa Fiji na kaskazini mwa Queensland, Australia, ambako ilifika bila maadui wake na kumeza malisho. Hata hapa nyumbani singeiweka karibu na bustani ya mboga.

Kwa jua na mwamba, chaguo langu la kwanza ni Fimbristylis cymosa. Huyu ni mkaaji wa ufuo: humea kwenye nyufa za jiwe la matumbawe na kwenye mchanga ulio juu kidogo ya maji kujaa, akirushiwa chumvi mwaka mzima. Majani yake ni mafupi, magumu, yamelala ardhini kwa duara kama mtu aliyetandaza vidole, na juu yake huchomoza vijiti vyembamba vyenye vichwa vya rangi ya kahawia. Hahitaji kufyekwa. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo hayamshtui. Wenyeji wa Hawaii, ambako spishi hii hii huota pwani na kuitwa mauʻu ʻakiʻaki, wanaipanda kwa makusudi katika bustani kama kifuniko cha ardhi. Sisi tunaye mlangoni na tunampita tukienda kuogelea.

Kwa nusu kivuli, yaani chini ya mwembe, mnazi au mwarobaini, kuna Cyperus dubius. Huota pwani yetu juu ya mawe na chini ya miti, na ukimfukua utajua mara moja kwamba huyu si ndago: shina lake chini limevimba kama kitunguu kidogo, vitunguu kadhaa vimebanana pamoja, na hakuna uzi unaotoka. Majani yake ni laini, ya kijani kibichi, kimo cha kifundo cha mguu hadi nusu ya goti. Ua lake ni kirungu kidogo cheupe chenye kijani, kinachokaa juu ya majani matatu au manne marefu. Kaskazi ikizidi, majani hukauka na uwanja hupauka mahali hapo. Kitunguu hubaki hai na mvua ya kwanza hukiamsha. Mtu asiyejua humng'oa akidhani amekufa. Usimng'oe.

Na hapa ndipo ule udhaifu wa ndago unapoingia kazini. Cyperus dubius akishika mahali na majani yake yakakutana, huweka kivuli juu ya ardhi wakati wa masika, wakati ule ule ambao ndago ingechipua kwa nguvu. Hatasafisha shamba lililojaa viazi. Lakini mahali palipokwisha kusafishwa, husaidia kuzuia visirudi. Mpango unaoingia akilini, basi, ni huu: fukua ndago Januari au Februari, anika viazi juani, na panda jamaa yake masika yanapoanza.

Kwa maji ya bafuni kuna mmea wenye mwavuli nilioutaja, Cyperus involucratus. Ni mrefu, unafika kifua cha mtu, kwa hiyo hauwezi kuitwa kifuniko cha ardhi. Kazi yake ni kunywa. Mahali panapotuama maji ya kuogea, pakinuka na kuzaa mbu, chimba bonde dogo la kina cha mkono, tia kokoto, na uupande humo. Kuuzidisha ni rahisi mno: kata kichwa chenye mwavuli, punguza majani nusu, kiweke juu chini ndani ya kopo la maji, na baada ya muda mfupi mizizi na vichipukizi hutoka katikati ya mwavuli. Wazo la kusafisha maji machafu kwa mimea si geni upande wetu. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza mradi wa ardhioevu ya kutengenezwa katika gereza la Shimo la Tewa, Shanzu, ili maji taka ya gereza yachujwe na mimea kabla ya kufika kwenye mkondo wa Mtwapa. Bonde la nyuma ya bafu ni mtoto wa wazo hilo. Ila usilimwagie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Hakuna mmea unaoshukuru klorini.

Kwa mchanga mlegevu kabisa, kama ule wa karibu na ufuo, yupo Cyperus crassipes, ambaye hukimbia kwa makusudi na kuyafunga matuta ya mchanga. Kwenye ploti ya Utange simpendekezi. Aachiwe ufuo.

Katika nchi za baridi jambo hili limekwisha kuwa sayansi. Kituo cha Mt. Cuba huko Delaware, Marekani, kilijaribu aina 70 za Carex, jamaa wengine wa familia hii, kwa miaka kadhaa, na mwaka 2022 kikatoa matokeo: kilele kilishikwa na Carex woodii, na baadhi zilivumilia hata kukatwa kwa mashine kama nyasi. Nasema haya kwa tahadhari, kwa sababu msomaji anaweza kuvutiwa akaagiza mbegu za huko. Carex ni watu wa baridi; zile za kwetu huota zaidi milimani, Mlima Kenya na Aberdare. Utange zingeungua kabla ya Krismasi. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wao: kupanda nyingi kwa pamoja, kungoja miaka, kuandika iliyobaki.

Na utaratibu huo una mwalimu karibu zaidi. Mwaka 1971, hapo Bamburi, René Haller alipopewa kazi ya kuotesha kitu ndani ya shimo la machimbo ya saruji, hakuanza na mti aliokuwa akiupenda. Alijaribu spishi 26 kwenye jiwe tupu lenye maji ya chumvi. Tatu ndizo zilizobaki: mnazi, mti wa Conocarpus na mvinje. Mvinje ulikuja na bakteria wa kuutengenezea naitrojeni mizizini, kisha jongoo wakaletwa kuyasaga majani yake makavu yawe udongo, na shimo likawa msitu unaotembelewa na wanafunzi hadi leo. Kutoka machimbo hayo hadi Utange si safari ndefu. Anayetaka kufunika kona ya uwanja wake anaweza kufanya Bamburi ndogo: mashina matano ya hili, matano ya lile, bila mbolea na bila maji ya kununua, kisha aache kaskazi moja ipite ndipo aamue lipi aongeze.

Upandaji wenyewe hauna siri. Subiri mvua za Aprili ziloweshe mchanga hadi kina cha kiganja. Fukua shina kubwa, lipasue kwa mikono au kwa panga kuwa vipande vyenye machipukizi matatu au manne, kata majani hadi urefu wa kidole ili yasikaushe mizizi michanga, na panda siku hiyo hiyo. Nafasi ya sentimita 25 kati ya shina na shina itakupa mashina 16 kwa mita moja ya mraba. Mahali penye mteremko, yabananishe zaidi, na uyapange kwa kupishana ili maji yasipate njia iliyonyooka. Chini ya mchirizi wa paa tandaza kwanza kokoto au vipande vya matumbawe, kisha panda pembeni mwake. Hakuna mche unaovumilia kupigwa kichwani na lita 2,000. Tandaza majani makavu ya mwembe katikati ya mashina mpaka yakutane. Mwaka wa kwanza utapalilia kwa mkono, sana. Mwaka wa pili kidogo.

Watakaopinga watataja nyoka, na hoja yao ni ya kusikilizwa. Majani ya kimo cha kifundo hayafichi nyoka kama kichaka kinavyomficha, lakini hayana uwazi wa mchanga uliofagiliwa. Kwa hiyo acha ukanda mtupu wa hatua mbili mbele ya kila mlango na kuzunguka jiko la nje, na uufagie kila asubuhi kama kawaida. Mbu ni jambo tofauti. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, na ardhi inayonywa maji haraka humnyima mahali. Ndoo iliyosahauliwa nyuma ya choo ni hatari zaidi kuliko mita 10 za majani.

Mahali pa kupakia gari, na uwanja wa mpira wa watoto, jamii hii haitafaa. Mashina yake hayapendi kukanyagwa kila siku, na kuyalazimisha ni kuyatesa bure.

Limebaki suala la kuyapata. Usiende na gunia kwenye ardhioevu au kandokando ya mikoko ya Mtwapa. Mimea ya hapo iko kazini tayari, inashika tope. Utange ina chanzo kingine kinachopotea kila mwezi: ploti zinazosubiri ujenzi. Kabla tingatinga halijafika, ardhi yake ina mashina yaliyopita ukame mwingi bila msaada wa mtu. Mwombe mwenye ploti, wengi hukubali bila swali, na ufukue baada ya mvua ya kwanza. Pitisha kila shina mkononi ukikagua uzi mweusi kabla ya kulitia kwenye karai, kwa sababu kiazi kimoja cha ndago kilichojificha kwenye bonge la udongo kitakugharimu miaka.